Pinde za Gogo Moja

Dorah Mumbua alikuwa na tabia ya kuutazama upinde kabla hajamtazama mwenye upinde. Ndivyo ilivyokuwa hata siku ile ya Agosti, Bwana Shihab alipousukuma mlango wa karakana na joto la nje likaingia naye kama mgeni wa pili. Dorah aliitikia salamu, lakini macho yake yalikuwa kwenye kile kitu kirefu alichokibeba mzee kwa mikono yote miwili, jinsi mtu anavyombeba mtoto aliyepatwa na homa.

Karakana yenyewe ilikuwa Al Qusais, nyuma ya maduka ya matairi. Nusu ilikuwa ya Hudson, fundi wa makochi kutoka Kakamega, aliyeijaza sponji na vitambaa mpaka darini. Nusu ya pili ilikuwa ya Dorah. Alikuja Dubai kung'arisha fanicha za hoteli moja kule Marina, na kazi ikamvuta taratibu mpaka akajikuta hafanyi kitu kingine ila pinde kuukuu za mbao. Watu walizirithi, wakazitundika sebuleni, na baridi ya AC ikazikausha mpaka zikapasuka. Walizileta kwake zimekufa, naye akazifufua.

"Umelia," alisema Bwana Shihab, akiulaza mezani.

"Umelia?"

"Ndiyo, bibie. Umetundikwa ukutani kwangu Al Warqa miaka na miaka, hauguswi na mtu. Ijumaa iliyopita tumetoka msikitini, tumekaa chakulani, mara ukalia. Kama mtoto aliyebanwa kidole mlangoni. Kwenda kuutazama, umevunjika."

"Ni AC hiyo, mzee. Mbao ikikauka sana hupasuka."

Kisha akainama na taa yake. Ufa wa ukavu hufuata nyuzi za mti, hutambaa kwa urefu. Huu ulikata mkono wa chini wa upinde kwa upana. Mgongoni nyuzi zilikuwa zimeinuka kama manyoya, na tumboni mbao ilikuwa imesagika. Dorah alikwisha kuona ufa wa namna hiyo.

"Huu umekanyagwa," alisema.

"Na nani, wakati uko juu ya ukuta? Wanangu wana watoto wao, wako Abu Dhabi. Nyumbani ni mie na mke wangu, naye magoti hayamruhusu hata kupanda ngazi."

Dorah hakubishana naye. Aliuliza ni nani aliyeuunda. Mzee akasema ni marehemu baba yake, seremala wa Unguja, aliyeupasua kwenye gogo la mkole na kuja nao huku walipohama, yeye Shihab akiwa bado mtoto. Alitaka utengenezwe uwe na nguvu kuliko mwanzo. Alipokuwa akiondoka aliupapasa mara moja, haraka haraka, kama mtu anayeona haya.

Kazi haikuwa ngumu, ila ilitaka subira. Dorah aliichemsha gundi ya ngozi, akaidondosha ndani ya ufa, akaubana upinde kwenye jiriwa. Ulipokauka akapiga msasa mgongo wote, kisha akatandika kano za ng'ombe alizokuwa amezipondaponda mpaka zikawa nyuzi laini, akazichovya kwenye gundi na kuzipanga bega kwa bega kutoka ncha hadi ncha. Kano zikikauka hujikaza, huushika mti kama misuli inavyoshika mfupa. Mwisho akaufunga mkono ule wa chini kwa uzi wa hariri, mafungu matatu, na kila fungu akalimalizia kwa fundo lake mwenyewe, dogo lenye masikio mawili, ambalo hakuna aliyemfundisha. Akautundika upinde kwenye vigingi ukauke kwa wiki kadhaa.

Mwezi ulipokuwa unakwisha, akaja mwanamke wa makamo ndani ya baibui, amebeba kitu kilichoviringishwa kwenye kanga. Jina lake Mawadda, na alikaa Al Twar, si mbali na hapo.

"Nimeelekezwa kwako," alisema. "Mie sitaki utengenezwe. Nataka tu unambie huu una nini."

Akaifungua kanga. Ulikuwa upinde wa mkole, mweusi kwa umri, mzima kabisa. Lakini mkono wake wa chini ulikuwa unatoka jasho. Matone ya rangi ya asali yalikuwa yamejipanga juu ya mbao. Dorah aliligusa moja kwa kidole, akalinusa. Gundi ya ngozi.

"Nimeufuta, ukatoka tena," alisema Mawadda. "Nimesomea, nimefukiza udi, wapi! Na hii hapa, hebu tazama. Hii haikuwepo."

Hapo chini ya jasho mbao ilikuwa imebonyea, alama tatu zimeuzunguka mkono wa upinde, kama alama ya pete kwenye kidole kilichovimba. Dorah akaivuta taa. Mwisho wa kila alama, ndani ya mbao ngumu ambayo kucha haiwezi kuitia mkwaruzo, palikuwa na chapa ya fundo dogo lenye masikio mawili.

Dorah akajikohoza, akasema, "Niachie, Bi Mawadda. Nitakupigia."

Mgeni alipotoka, Dorah aliushusha upinde wa Bwana Shihab, akazilaza zote mbili pamoja. Nyuzi za mti zilipanda na kushuka sawasawa. Karibu na mshikio, upinde mmoja ulikuwa na kipande cha kifundo, mahali tawi lilipoota zamani, na mwingine ulikuwa na kipande cha kifundo kile kile. Gogo moja. Aliurudisha wa Shihab kwenye vigingi, akatafuta ugwe, ule uzi wa kuvutia, na taratibu akautia kwenye upinde wa Mawadda, akiukandamiza kwa goti.

Nyuma yake kitu kililia, *kriii*.

"Dorah," Hudson aliita kutoka kwenye makochi yake. Sauti yake ilikuwa ndogo mno kwa mwili wake. "Hebu geuka polepole."

Kwenye vigingi, bila ugwe, bila mkono wa mtu, upinde wa Bwana Shihab ulikuwa unapinda. Ncha zake zilikuwa zinakuja mbele kidogo kidogo, kano mpya zikinung'unika. Dorah aliuchomoa ugwe haraka, na ule wa ukutani ukanyooka pamoja na ule wa mkononi mwake.

Nje lori lilikuwa linarudi nyuma, likipiga kengele.

"Mimi nimeona hiyo kitu?" Hudson aliuliza.

"Umeona."

"Basi sijaona." Akabeba kiti alichokuwa akikivisha kitambaa, akaenda kukimalizia nje, kwenye jua la Agosti.

Dorah aliogopa, lakini hofu yake ilikuwa na njaa ya kujua. Kesho yake alimwita Mawadda, akamkalisha kwenye kochi la Hudson, akampa maji.

"Ijumaa moja mwanzoni mwa mwezi huu, baada ya sala, ulikuwa unafanya nini na upinde huu?"

Mawadda aliitua gilasi. "Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nauliza."

Mwanamke alikaa akiikunja ncha ya kanga yake. Kisha akasema kwamba upinde ulikuwa kabatini, nyuma ya mablanketi, na kwamba tangu Ramadhani ulikuwa unafungua mlango wa kabati. "Naufunga, narudi, nakuta uko wazi, ncha ya upinde imetokeza nje. Siku ile nikapandwa na hasira. Nikasema, baba, hata kuzimuni hutaki nikusahau? Nikauegemeza kizingitini, nikaukanyaga kwa nguvu zangu zote. Uliinama mpaka chini, ukanyanyuka. Haukupata hata mchubuko."

"Uliovunjika ni mwingine," alisema Dorah, akauleta.

Mawadda aliutambua kabla haujafika mezani. Mkono ukamwenda kinywani. "Wa kaka'angu."

Habari yao haikuwa ndefu. Baba yao alifia hospitali hapa Dubai, Mawadda akiwa Maskati kwa wakwe zake. Shihab alimwosha, akamsalia, akamzika Al Qusais, na alipomaliza kupangusa udongo mikononi ndipo akampigia dada yake simu. Tangu siku ile walikuwa hawasemezani. Walikutana harusini na matangani, na kila mmoja alijua mlango wa kutokea usiompitisha karibu na mwenzake.

"Alisema maiti hasubiri," alisema Mawadda. "Kweli, maiti hasubiri. Lakini simu, simu nayo ilikuwa inasubiri nini?"

Dorah alichukua simu yake, akampigia Bwana Shihab.

Alifika baada ya Alasiri. Aliingia, akamwona dada yake, akasimama mlangoni huku baridi ya AC ikikimbilia nje kumpita. Alitoa salamu kwa karakana nzima, na Mawadda akaitikia kwa kuielekea meza. Ikawa wanazungumza kwa kumpitia Dorah, kama watu wanaopeana vitu kwa kupitia dirishani. Mwambie mimi nilikuwa nimechanganyikiwa. Mwambie hata mimi nilikuwa na baba.

Dorah alichoka. Akampa kila mmoja upinde wake. "Bwana Shihab, weka ncha moja chini, ukandamize kidogo sana. Bi Mawadda, wewe shika tu."

Shihab akakandamiza. Upinde mikononi mwa Mawadda ulijikunja kama nyoka aliyeguswa, ukamvuta mbele hatua nzima.

"Shihab, taratibu!" alipiga kelele.

Kaka yake aliganda. Alikuwa hajasikia jina lake kinywani mwa dada yake kwa miaka mingi. Machozi yalimtoka hapo hapo, na hakuyafuta, maana mikono yake ilikuwa na kazi. Akauachia upinde kwa uangalifu, na ule wa dada yake ukanyooka. Mawadda aliupokea upinde wa kaka yake, akazilaza zote mbili mezani, akasogea kando.

"Na wewe," akasema, bila kumtazama. "Umenenepa."

Huenda wangeendelea hivyo. Lakini pinde mezani zilianza kupinda.

Hakuna aliyekuwa karibu nazo. Zilipinda pamoja, ncha zikikwaruza mbao za meza, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Zilifika nusu, zikasita. Dorah alihesabu pumzi yake mwenyewe, ikaingia, ikatoka. Ndipo zikaachia, *pa!*, meza ikatetemeka na kopo la gundi likaanguka. Kisha zikaanza tena.

"Baba," alinong'ona Mawadda. "Anavuta, anasita, anatoa pumzi, anaachia. Ndivyo alivyokuwa."

Shihab aliisoma ile Aya ya Kursiyyu aliyokuwa akiijua tangu utotoni, midomo ikimcheza. Dorah naye alikuwa anatazama kitu kingine. Pinde zilikuwa zimelala ubavu kwa ubavu, na kile kifundo alichodhani kimegawanywa nusu kwa nusu hakikuwa kimekutana. Kipande cha kushoto na kipande cha kulia vilikuwa ni kingo tu. Moyo wa kifundo haukuwepo.

"Gogo hili halikupasuliwa vipande viwili tu," alisema. "Katikati palitoka upinde mwingine. Huo ndio unaovutwa."

Walimtazama kama aliyesema kwa lugha wasiyoijua. Kisha Shihab akatoa simu, akampigia shangazi yao, Bi Masuda, aliyebaki Pemba, mtu pekee wa rika la baba yao aliyekuwa hai. Aliiweka simu mezani ili wote wasikie.

"Shangazi, baba aliunda pinde ngapi?"

Upande wa pili jogoo aliwika mbali.

"Nani kawaambia habari za Zein?" shangazi aliuliza.

Akawaeleza, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo. Kabla baba yao hajahamia Unguja na kumwoa mama yao, alikuwa na mke Wete, na mtoto wa kiume, Zein. Yule mke alifariki. Mama yao alipoolewa hakutaka kulisikia jina la mtoto yule, na baba alipohama kwenda Dubai alimwacha kwa bibi yake, akamwahidi kumtumia nauli. Aliupasua mkole mmoja, akaunda pinde tatu, ili wanawe wawe na kitu kimoja. Mbili akaondoka nazo. Nauli ya Zein hakuituma.

"Naye hakuondoka Wete maisha yake yote," alisema Bi Masuda. "Alisema akihama, watakaokuja kumchukua watamkosa. Aliutundika ule upinde ukutani, hakuutia ugwe hata siku moja. Eti hauvutwi na mtu peke yake."

"Yuko wapi sasa, shangazi?" aliuliza Mawadda.

"Keshakufa, mwanangu. Ramadhani ilikuwa ndo kwanza imeandama. Hakuacha mke wala mtoto. Nyumba imefungwa, ufunguo ninao mie hapa."

Mezani, mbele yao, pinde zilisita nusu, zikatoa ile pumzi isiyo ya mtu, zikaachia.

"Shangazi," Shihab alisema, "nani yumo nyumba ile?"

"Si nimekwambia imefungwa."

Ndugu wawili waliondoka kwa ndege moja mwisho wa wiki ile, wakaziacha pinde kwa Dorah. Siku za kwanza zilipinda mara chache, mchana, zikatulia. Hudson alifungulia nyimbo za injili, akazifungulia kwa sauti ya juu, haikusaidia. Dorah alijaribu kuzifunga mezani kwa mikanda. Mikanda ikalia wakati zilipojikaza, mlio mwembamba wa kusikitisha, na akaona haya, kama aliyemziba mdomo mtu anayeita. Akaifungua.

Siku waliyotarajiwa kufika Wete, zilianza mapema na hazikupumzika. Kila mvuto ulizidi uliotangulia. Dorah aliona kano zikianza kuinuka kwenye ncha ya mkono wa chini, mahali pa ufa, na akajua. Ufa ule ukifunguka sasa, upinde utakatika, na ukikatika huu hajui mwingine utafanya nini, wala watu wake.

"Hudson! Nipashie gundi!"

"Mimi hizo sizigusi."

"Sijasema uziguse. Gundi!"

Aliipasha. Dorah alifanya kazi katikati ya mivuto, kwenye ule muda mfupi upinde uliponyooka kabla haujajikaza tena. Alipaka gundi, akasubiri *pa!*, akazungusha uzi wa hariri, akasubiri, akazungusha. Vidole vilimuungua. Aliona kwamba anazungumza na upinde kwa Kikamba, jinsi mama yake alivyozungumza na ng'ombe anayezaa, ngoja, ngoja kidogo, wanakuja. Mbao chini ya kiganja chake ilikuwa na joto la mwili.

Simu ikalia. Hudson aliipokea, akaielekeza kwake. Kwenye kioo alionekana Mawadda, uso umejaa jasho, na nyuma yake chumba kidogo chenye kitanda kilichotandikwa na dirisha lililofungwa.

"Tumo ndani," alisema. "Dorah, upo ukutani. Umetiwa ugwe."

"Na nani?"

"Kila kitu kina vumbi humu. Mkeka una vumbi, mswaki wake una vumbi. Ugwe hauna. Unang'aa kama umepakwa nta leo."

"Utoeni ugwe," alisema Dorah. "Taratibu. Wote wawili mshike."

Kioo kiliyumba, simu ikawekwa mahali. Aliwaona wakiushusha, Shihab akiweka goti, Mawadda akishika ncha ya juu. Mezani kwa Dorah pinde mbili zilikuwa zimefika nusu, zimesita, na safari hii haziachii. Zilikuwa zinatetemeka.

"Kaka Zein," ilisikika sauti ya Shihab, imekwaruza. "Hatukujua. Wallahi hatukujua. Tumekuja."

"Tumekuja," Mawadda alirudia.

Ugwe ukatoka. Kule Wete haikusikika kitu. Hapa Al Qusais pinde zilishuka polepole, bila kishindo, mpaka zikalala tambarare juu ya meza, na harufu ya mkole mbichi, uliokatwa sasa hivi, ikajaa karakana hata Hudson akatazama huku na huku kuitafuta. Kisha ikaisha. Dorah aligusa mbao. Ilikuwa baridi kama mbao yoyote.

Alikaa chini sakafuni, vidole vyake mdomoni. Kwenye simu, ndugu wawili walikuwa wamesahau kwamba wanasikilizwa. Mawadda alikuwa anasema upinde asafiri nao yeye, maana Shihab ndiye aliyekaa na baba miaka yote. Shihab alisema yeye ndiye mkubwa. Mawadda akamwambia mkubwa yumo kaburini pale nje na hujamsalimia bado, unagombea mali yake. Shihab akasema twende basi, shika huku, usiuburure. Siubururi. Unauburura, Mawadda, ona.

Hudson alinyoosha kidole kukata simu. Dorah akamzuia mkono.